Toleo la ngapi? Viwango vya usimamizi wa miradi na miradi yetu ya Zanzibar

Hadidu za rejea nyingi zinazotangazwa hapa Zanzibar kwa ajili ya nafasi ya meneja wa mradi au mshauri mwelekezi huwa na sentensi moja inayofanana: mwombaji awe na ujuzi wa viwango vya kimataifa vya usimamizi wa miradi. Mara nyengine PMBOK, mwongozo wa taasisi ya wasimamizi wa miradi ya Marekani iitwayo PMI, hutajwa kwa jina, mara nyengine PRINCE2, mbinu iliyozaliwa katika Serikali ya Uingereza, na mara nyengine vyote viwili kwa pamoja. Kinachokosekana karibu kila mara ni namba ya toleo. Kwa muda mrefu pengo hilo halikuwa na madhara makubwa, kwa sababu mtu aliyesoma PMBOK ya mwaka 2004 na mwenzake aliyesoma ya mwaka 2013 waliweza kukaa meza moja wakaelewana bila ya taabu. Tangu mwaka 2021 hali hiyo imekwisha. Toleo la 6 na toleo la 7 la kitabu hicho hicho yanatofautiana kiasi kwamba taasisi inayomtafuta mtaalamu wa PMBOK bila ya kusema toleo gani, kwa hakika haijasema inamtaka mtu anayejua nini.

Hoja yangu ni kwamba toleo jipya halifai kuchukuliwa kuwa bora kuliko lililotangulia kwa sababu tu ni jipya. Kila toleo huandikwa kwa kumfikiria msomaji wa aina fulani, anayefanya kazi katika taasisi ya namna fulani, na sisi tunaoendesha miradi Unguja na Pemba tunapaswa kuuliza kama msomaji aliyefikiriwa ni sisi.

Tuanze na hesabu, maana hesabu yenyewe inaeleza mengi. Taasisi ya PMI ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1969, ilitoa toleo la 1 la PMBOK mwaka 1996 likiwa na michakato 37, yaani hatua za kazi zinazoelezwa moja moja, iliyopangwa katika maeneo 9 ya maarifa. Toleo la mwaka 2000 lilifikisha michakato 39 na kuipanua sana sura ya vihatarishi. La mwaka 2004 lilipanda hadi 44, la 2008 likashuka hadi 42, la 2013 likapanda tena hadi 47 na kuwafanya wadau kuwa eneo la 10 la maarifa, na la 2017 likafika 49. Mwaka 2021 mpangilio huo wa michakato uliondolewa kitabuni, zikaja kanuni 12 na nyanja 8 za utendaji, na kitabu kilichokuwa na zaidi ya kurasa 700 kikapungua hadi chini ya 400. Novemba 2025 likatoka toleo la 8, na michakato ikarudi, safari hii ikiwa 40, pamoja na kanuni 6 na nyanja 7.

Yupo atakayeona katika hesabu hii watu wasiojua wanachokitaka. Mimi sioni hivyo. Kiwango kilichomo ndani ya mwongozo wa PMI kimo katika mfumo wa viwango wa Marekani wa ANSI, ambao unataka kiwango kipitiwe upya ndani ya kila miaka 5, na Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, nalo hupitia viwango vyake kwa mzunguko wa miaka 5. Ndiyo maana matoleo ya PMBOK yamekuwa yakija kila baada ya miaka 4 au 5. Katika kila mapitio hukusanywa maoni ya watu waliolitumia toleo lililopo, na maoni hayo hutegemea nani ameyatoa na anafanya kazi gani. Watoa maoni wakibadilika, kitabu nacho hubadilika, hata kama asili ya kazi ya kujenga barabara au kuchimba kisima haijabadilika hata kidogo.

Waandishi wa matoleo ya mwanzo walirithi mbinu zilizobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1950, hasa njia ya kupanga ratiba iliyotokana na kazi za kampuni ya DuPont na mbinu ya PERT ya Jeshi la Wanamaji la Marekani iliyotumika katika mradi wa makombora ya Polaris. Hizo zilikuwa kazi ambazo mawanda yake, yaani mipaka ya kinachotakiwa kufanywa, hupangwa kwanza, kisha hutekelezwa kwa mfuatano, na mabadiliko huingia kwa idhini ya maandishi. Mwaka 2001 wataalamu 17 wa programu za kompyuta walikutana Snowbird, Utah, wakaandika ilani ya mkabala wa ajaili, unaotaka kazi ifanywe kwa vipande vifupi na mpango urekebishwe kila kipande kinapokamilika. Mkabala huo ulienea kwa kasi katika kampuni za teknolojia, na wanachama wa PMI wanaotoka katika sekta hiyo wakaanza kuuliza kwa nini kitabu chao kinazungumza kana kwamba kila mradi ni daraja. Toleo la 6 la mwaka 2017 lilitoka likifuatana na mwongozo wa pembeni kuhusu ajaili. Januari 2021 mtihani wa PMP, cheti cha PMI kwa wasimamizi wa miradi, ulibadilishwa, takriban nusu ya maswali yakahusu ajaili au mchanganyiko wa mikabala, na katikati ya mwaka huo kitabu chenyewe kikageuzwa. ISO ilikuwa imeshatangulia: Disemba 2020 ilitoa ISO 21502 kuchukua nafasi ya mwongozo wake wa mwaka 2012, ISO 21500, ambao ulikuwa na michakato 39, na katika mwongozo mpya jedwali la michakato likaacha kuwa uti wa mgongo wa maelezo.

Kwa hiyo mabadiliko ya miaka ile yalikuwa jibu kwa swali la kweli la watu wa kweli. Lakini swali lile lilitoka San Francisco na Bangalore zaidi kuliko lilivyotoka Chake Chake, na jibu lake lina sharti ambalo halikuandikwa kwa wino wa wazi: linamchukulia msomaji kuwa tayari anafanya kazi katika taasisi yenye mazoea ya michakato. Toleo la 7 linamwambia meneja azingatie thamani, afikirie mradi kama mfumo mmoja, aongoze kwa mwenendo mwema, arekebishe mbinu kulingana na mazingira. Hakuna kanuni hata moja kati ya zile 12 ninayoipinga. Shida ni kwamba mtu anayeweza kurekebisha utaratibu kulingana na mazingira ni yule ambaye utaratibu anao, na taasisi nyingi zinazopokea fedha za miradi hapa kwetu bado zinaujenga.

Tuchukulie mradi wa ujenzi wa skuli katika Wilaya ya Micheweni. Ofisi ya mradi ipo Unguja, mkandarasi yupo Pemba, saruji na nondo zinapita bandari ya Mkoani au Wete, na masika yanasubiriwa mwezi wa Machi. Katika ziara ya ukaguzi inaonekana kwamba msingi uliochorwa haufai kwa udongo uliopo, au kwamba aina ya mabati iliyotajwa haipatikani tena. Wakubwa waliopo kwenye eneo la kazi wanakubaliana kwa mdomo kuwa kibadilishwe, kila mtu kwa nia njema, kwa sababu skuli inahitajika na wanafunzi wanasomea chini ya mwembe. Miezi kadhaa baadaye meneja wa mradi anahamishiwa wizara nyengine. Mkandarasi analeta ankara yenye kazi ya ziada, mtu aliyekaimu nafasi haoni karatasi yoyote, na malipo yanasimama. Kazi inasimama nayo. Hakuna mwizi katika kisa hiki, ila kilichokosekana ni ombi la mabadiliko lililoandikwa, makadirio ya athari yake kwa gharama na muda, jina la aliyeidhinisha na tarehe.

Toleo la 6 lingemshika mkono meneja yule. Lina mchakato mahsusi wa kudhibiti mabadiliko kwa pamoja, na kwa mchakato huo linataja vitu vinavyoingia, zana zinazotumika na nyaraka zinazotoka. Anayelisoma kwa mara ya kwanza anaweza kutengeneza fomu yake siku ile ile. Toleo la 7 linalizungumza jambo hilo hilo, lakini limetawanyika baina ya kanuni na nyanja, na msomaji mgeni atamaliza sura akiwa ameshawishika kwamba mabadiliko lazima yasimamiwe vizuri bila ya kujua kesho asubuhi aandike nini. Nyenzo za michakato ya zamani hazikupotea. PMI yenyewe ilizihamishia katika jukwaa lake la mtandaoni na baadaye ikatoa mwongozo mwengine wa pembeni wenye michakato 49. Lakini anayenunua kitabu kimoja tu, na wengi wetu hununua kimoja, alinunua kile ambacho hakikuwa nazo.

Kuna upande wa ukaguzi ambao watunga viwango huugusa kidogo, nao kwetu ni mzito. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anapopeleka watu wake kwenye mradi, huuliza nyaraka. Anaweza kuuliza daftari la vihatarishi lilihuishwa lini, nani alisaini cheti cha kupokea kazi, mabadiliko ya mkataba yalipita kikao gani. Hawezi kuuliza ushahidi wa kufikiri kimfumo. Kanuni hukaa katika tabia ya mtu, na mtu huhamishwa, hustaafu, hupandishwa cheo; mchakato ulioandikwa hubaki kwenye jalada na aliyekuja leo huusoma. Katika utumishi wenye uhamisho wa mara kwa mara, jalada ndiyo kumbukumbu ya mradi, na kiwango kinacholipunguzia uzito jalada hakitufai kwa hali tuliyonayo sasa, hata kama kimeandikwa na watu wenye busara kutuzidi.

Nisionekane kuwa nalibeza toleo la 7. Kuna jambo moja ambalo lililisema kwa nguvu kuliko matoleo yote ya nyuma yake, nalo ni kwamba mradi haumaliziki kwa kukabidhi jengo, na kwamba kipimo chake ni faida inayopatikana kwa waliokusudiwa. Tumeona masoko yaliyojengwa kwa ubora, yakakamilika, yakazinduliwa kwa dufu na hotuba, kisha wafanyabiashara wakabaki kule kule walikokuwa kwa sababu wateja hawapiti upande wa pili. Kwa kipimo cha muda, gharama na mawanda, mradi kama huo umefaulu. Toleo la 2008 lilikuwa limeshaanza kuachana na ile pembetatu ya vikwazo vitatu kwa kutaja sita, vikiwemo ubora, rasilimali na vihatarishi, lakini bado vyote vilikuwa vya ndani ya mradi. Thamani ilikuja kusimama mbele kabisa mwaka 2021, na toleo la 8 limeibakisha miongoni mwa kanuni zake sita. Hata hivyo wanaoifahamu PRINCE2 watasema, kwa haki, kwamba wao walikuwa wakisisitiza uhalali wa mradi na manufaa yake miaka mingi kabla. Wale wanaotayarisha bango kitita, lile jedwali la malengo, shughuli na matokeo ya mradi, kwa wafadhili nao watasema kwamba safu ya matokeo ya muda mrefu ilikuwepo siku zote, ingawa mara nyingi hujazwa mwisho, usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha andiko.

PRINCE2 yenyewe inastahili kuangaliwa, kwa sababu imekwenda kwa mwendo mwengine kabisa. Ilizaliwa mwaka 1989 kwa jina la PRINCE katika wakala wa Serikali ya Uingereza kwa ajili ya miradi ya teknolojia ya habari, ikatolewa upya mwaka 1996 kwa jina la PRINCE2 ili itumike kwa mradi wa aina yoyote, na mwaka 2009 ikapangwa katika kanuni 7, mada 7 na michakato 7. Toleo la 2017 lilibakisha saba zile na kukazia namna ya kuirekebisha mbinu kulingana na ukubwa wa mradi. Toleo la 7 la mwaka 2023, lililotolewa na kampuni ya PeopleCert baada ya kuichukua AXELOS, kampuni iliyokuwa ikiimiliki PRINCE2, mwaka 2021, nalo limezibakisha, isipokuwa mada sasa zinaitwa mazoea ya kazi, watu wamewekwa katikati ya mbinu, na uendelevu umeongezwa kwenye shabaha za utendaji pamoja na muda, gharama, ubora, mawanda, manufaa na vihatarishi. Ofisa aliyefundishwa mwaka 2009 akilifungua toleo la 2023 atajiona yupo nyumbani. Kwa taasisi ya umma yenye bajeti ndogo ya mafunzo, ambayo haiwezi kuwarudisha maofisa wake darasani kila kitabu kinapobadilika, uthabiti wa namna hii ni sifa kubwa, na ninashangaa kwamba hautiwi katika mizani tunapochagua kiwango cha kufuata. PM², mbinu ya Kamisheni ya Ulaya, ina sifa nyengine inayosahauliwa: mwongozo wake unapatikana bure, na chuo chochote hapa kinaweza kuwapa wanafunzi wote bila ya kumwomba mtu ruhusa.

Baadhi ya mabadiliko yalikuja yakatukuta sisi tumeshafika. Mwaka 2013 PMBOK iliwatenga wadau kutoka katika sura ya mawasiliano na kuwapa eneo lao wenyewe, sambamba na ISO 21500 ya mwaka uliotangulia. Yeyote aliyewahi kupeleka mradi kijijini Zanzibar alikuwa anajua kwamba safari huanzia kwa sheha, kwamba kamati ya shehia husikilizwa kabla ya mhandisi kupiga vigingi, na kwamba wavuvi wa diko na wakulima wa mwani wa ufuo ule ule wanaweza kuwa na maslahi yanayogongana. Miradi ya TASAF imekuwa ikipita katika ngazi hiyo ya shehia. Kilicholetwa na toleo la 2013 ni nidhamu ya kuandika: orodha ya wadau, kiwango cha ushawishi wa kila mmoja, namna ya kumshirikisha na kumbukumbu ya alichokisema. Hiyo ndiyo sehemu tuliyokuwa nayo kidogo, na hapo kitabu kilitusaidia.

Sasa tumefikia toleo la 8, ambalo wengi hapa ndiyo kwanza wanaanza kulisoma. Kurudi kwa michakato nakupokea kwa furaha, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa, ingawa PMI inasisitiza kwamba michakato hiyo 40 si amri na kwamba kila timu iichague inayoihitaji. Nyanja 7 za toleo hili ni utawala wa mradi, mawanda, ratiba, fedha, wadau, rasilimali na vihatarishi. Msomaji wa Zanzibar aisome tena orodha hiyo polepole, kisha ajiulize kipi hakimo. Ununuzi haumo kama nyanja inayojitegemea. Tangu mwaka 1996 hadi 2017, katika matoleo sita mfululizo, ununuzi ulikuwa eneo kamili la maarifa lenye sura yake, na leo umeondoka kwenye safu ya mbele.

Kwa kampuni ya teknolojia inayotengeneza bidhaa yake kwa kutumia waajiriwa wake, hilo si tatizo. Kwa mradi wa umma Zanzibar, ununuzi ndiyo mradi wenyewe. Wizara haimiliki magreda wala haina mafundi wa kujenga hospitali. Ina sheria ya ununuzi wa umma, ina bodi ya zabuni, ina mshauri mwelekezi kwa mkataba mmoja na mkandarasi kwa mkataba mwengine, na mara nyingi ina mfadhili ambaye lazima atoe kibali katika hatua kadhaa. Muda unaopotea kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi hupotea katika kuandaa nyaraka za zabuni, kutathmini, kujibu malalamiko, kusubiri kibali na kusaini. Mwaka wa fedha unaanza Julai na kwisha Juni, na zabuni iliyochelewa miezi mitatu inaweza kuusukuma ujenzi ndani ya vuli na kisha ndani ya masika. Meneja wa mradi wa Serikali hapa kwetu ni msimamizi wa mikataba kabla ya kuwa kitu chengine chochote. Akifundishwa kwa toleo la 8 peke yake, atafundishwa vizuri yale anayoyafanya sehemu ndogo ya wiki yake, na atafundishwa kwa ufupi yale yanayomkosesha usingizi.

Uendelevu, kinyume chake, umepanda. Umo miongoni mwa kanuni 6 za toleo la 8, na umo katika shabaha za PRINCE2 ya 2023. Hapa naona watunga viwango wamefika mahali ambapo visiwa vinahitaji wafike. Mchanga wa ujenzi kwetu ni rasilimali inayokwisha mbele ya macho yetu na uchimbaji wake unadhibitiwa na Serikali, mikoko inakatwa, na Mji Mkongwe, uliomo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, una masharti ya vifaa na ya mafundi ambayo mradi wa kawaida wa ukarabati hauyajui hadi umeshaingia ndani. Mradi unaoweka mchanga katika mpango wake wa gharama tu, bila ya kuuweka katika mpango wa vihatarishi na katika uamuzi wa kuchagua aina ya ujenzi, umepangwa nusu. Ningependa kila andiko la mradi wa majengo hapa lieleze mchanga utatoka wapi kabla ya kueleza jengo litakuwa na vyumba vingapi.

Kuhusu vyeti niseme machache. Vijana wanaohitimu SUZA na Chuo Kikuu cha Zanzibar huniuliza wasome toleo gani ili wapasi PMP. Jibu ni kwamba mtihani ule hufuata muhtasari wake wenyewe wa maudhui, ambao hubadilika kwa ratiba isiyolingana na ya kitabu, kama tulivyoona mwaka 2021 mtihani ulipotangulia na kitabu kikafuata. Anayejiandaa kwa nakala ya toleo la zamani aliyopewa na rafiki asome kwanza muhtasari wa sasa, kisha apime nakala ile inamfaa kwa kiasi gani. Na mwajiri naye ajue kwamba mwenye cheti anatakiwa kukusanya saa 60 za kujiendeleza kila baada ya miaka 3. Kuuliza alijiendeleza katika nini kunaeleza zaidi kuliko kuuliza alifaulu mwaka gani.

Tukirudi kwenye hadidu za rejea, wahandisi wetu wanayo tabia ambayo wasimamizi wa miradi wanaweza kuiiga leo hii. Hakuna mhandisi makini anayesema mkataba ni wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri linalotoa fomu za mikataba ya ujenzi, akanyamaza. Atasema ni wa 1999 au wa 2017, kwa sababu fomu ya 1999 ina vifungu vikuu 20 na ya 2017 ina 21, madai na migogoro vilivyokuwa pamoja katika kifungu cha 20 vimetenganishwa, na barua ya madai inayotaja kifungu cha toleo jengine inaweza kumgharimu mkandarasi au mshitiri haki yake. Viwango vya usimamizi wa miradi havina nguvu ya mkataba kwa wenyewe, lakini vinapotajwa katika hadidu za rejea au katika andiko la zabuni vinakuwa sehemu ya makubaliano, na pale mshauri mwelekezi anapowasilisha mpango wa usimamizi unaofuata toleo la 7 kwa mteja aliyekuwa akifikiria nyaraka za toleo la 6, wote wawili watakuwa sahihi na wote wawili watakuwa na hasira.

Kwa hiyo zabuni itaje kiwango, toleo na mwaka, na iambatanishe ukurasa mmoja unaoorodhesha nyaraka ambazo lazima ziwepo bila ya kujali toleo: ombi la mabadiliko, daftari la vihatarishi, orodha ya wadau hadi ngazi ya shehia, mpango wa ununuzi na cheti cha makabidhiano. Itaje pia kwamba toleo lililotajwa litabaki hadi mradi umalizike. Mradi ulioanza mwaka 2019 na kuongezewa muda hadi mwisho wa 2025 umevuka matoleo matatu ya PMBOK, na hakuna faida yoyote ya kuibadilisha fomu ya taarifa katikati ya ujenzi kwa sababu kitabu kimebadilika Marekani. Mahali pazuri pa kuuweka utaratibu huu ni Tume ya Mipango, ambayo miradi hupita kwake kabla ya kupata fedha, na Chuo cha Utawala wa Umma kilichopo Tunguu kinaweza kuufundisha kwa maofisa wa Unguja na Pemba kwa mtaala mmoja.

Lipo na jambo la sauti yetu katika matoleo yajayo. Rasimu za viwango vya PMI huwekwa wazi kwa maoni ya umma kabla ya kupitishwa, na ISO 21502 ya mwaka 2020 imeshatimiza ule muda wa miaka 5 wa kupitiwa. Tanzania ni mwanachama wa ISO kupitia Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na Zanzibar ina Taasisi yake ya Viwango, ZBS, ambayo inaweza kukusanya maoni ya wasimamizi wa miradi wa hapa na kuyafikisha huko. Maoni ya kwanza ambayo ningeyaandika yangehusu ununuzi: kwamba kwa nchi ambazo miradi ya umma hutekelezwa kwa mikataba kutoka mwanzo hadi mwisho, ununuzi urudishwe kuwa nyanja kamili, yenye michakato yake kuanzia mpango wa zabuni hadi kufunga mkataba, na ndani yake uelezwe muda wa vibali vya wafadhili, ambao hadi leo unakadiriwa kwa kubahatisha katika ratiba za miradi yetu.